Pizzoccheri za Teglio, zimepikwa Malindi

Piza na spageti za pweza Malindi hazitafutwi, ziko kila barabara. Pizzoccheri, tambi fupi bapa zinazopikwa na mboga, mbatata na jibini, ndizo adimu, na mkahawa mmoja wa Kiitaliano karibu na ufuo unazipika kwa oda. Si chakula cha baharini hata kidogo. Kwao ni Teglio, manispaa ndogo ya wakulima mkoani Sondrio, kaskazini mwa Italia, na ukiijua ardhi ya huko utajua mpishi amepatia wapi na amekosea wapi.

Teglio iko takriban mita 850 juu ya bahari, upande wa bonde la Valtellina unaopigwa jua siku nzima; chini unapita mto Adda kwenda ziwa Como. Mlima umekatwa matuta ya zabibu, yameshikiliwa na kuta za mawe yasiyotiwa saruji. Majira ya joto ni mafupi, kwa hiyo wakulima walishika saraseno, mbegu nyeusi ya pembe tatu inayowahi kukomaa, hata ikipandwa baada ya kuvuna rai, nafaka ya jamii ya ngano.

Saraseno haina gluteni, protini inayoshikanisha unga, ndiyo sababu kinyunga chake hukatika. Dawa yake ni ngano kidogo: Accademia del Pizzocchero ya Teglio, chama kinacholinda mapishi haya, inataja gramu 400 za saraseno kwa 100 za ngano, kwa watu wanne. Kinyunga kinasukumwa unene wa milimita 2 hadi 3, kisha kinakatwa tambi fupi bapa za upana wa milimita 5. Hapa mkahawa umefaulu kweli: tambi ni za kijivu, zina madoadoa meusi, na uma ukiziinua hazimeguki.

Mboga zinachemka kwanza pamoja na mbatata, tambi zinafuata baada ya dakika 5. Mpishi anatumia spinachi ya sokoni badala ya kabichi, na yuko sawa: hiyo tunayoiita spinachi ni mboga ya mabua mapana ambayo hata Teglio huitumia wakati si msimu wa kabichi. Muda ndio auangalie. Teglio maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, Malindi ni 100, kwa hiyo zile dakika 10 za tambi zilizoandikwa huko hapa apunguze kidogo. Mbatata zilifika zimeanza kurojeka.

Kasoro kubwa iko kwenye jibini. Inayotakiwa ni Valtellina Casera, ya maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa mafuta, iliyokaa siku 70 au zaidi. Inayeyuka ikabaki laini. Mkahawa unatia mozarela, nayo inatoa maji na kuvutika nyuzi nyuzi mpaka tambi zinageuka bonge. Kama Casera haipatikani, fontina au gouda changa ingefaa zaidi. Siagi nayo ilikuwa imeyeyushwa tu. Inatakiwa ikaangwe na kitunguu thomu mpaka ibadilike rangi na kunukia, kisha imwagwe juu ya matabaka ya tambi na jibini, bila kukoroga.

Agiza siku moja kabla, na uombe bakuli lililopashwa moto, kwa sababu chini ya feni jibini linaganda upesi. Sahani moja wanashiba wawili. Nyama ya nguruwe haimo, lakini Casera hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Anayejali uhalali aulize jibini iliyotumika imegandishwa kwa kutumia kitu gani. Aulize pia kuhusu bresaola, nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa, wanayoitanguliza: ni ng'ombe, ila aliyechinjwa wapi ndilo swali.