Uzoefu wangu: kliniki ya Chake Chake inayomtazama mgonjwa kabla ya kumpima

Kliniki ninayoieleza hapa ni ya binafsi, ipo Chake Chake, Pemba, na nilimpeleka huko binti yangu wa miaka minane kwa sababu alikuwa akichoka upesi, akihema kila apandapo kilima cha kwenda chuo cha Kurani, na nyumbani tulishamkuta zaidi ya mara moja akitafuna mchele mbichi. Nilidhani tutaandikiwa vipimo kabla hata hatujakaa, kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi za kulipia. Badala yake tabibu alizima taa na kutuita dirishani: "Mama, msogeze hapa penye mwanga wa jua. Taa hii inaficha manjano ya macho."

Kwa mtoto anayedhaniwa kupungukiwa damu, viganja hutazamwa mapema, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwahudumia watoto wadogo wagonjwa hutumia weupe wa viganja kuwa dalili. Binti yangu, hata hivyo, alikuwa ametoka harusini, viganja vimejaa hina na kucha zimepakwa piko, kwa hiyo mikono haikusomeka. Tabibu aliiacha, akavuta kope ya chini na kuitazama ngozi laini ya ndani, ambayo ilikuwa imepauka kabisa, kisha akanitaka nimwoneshe yangu ili alinganishe. Ulimi ulikuwa laini mno, na pembe za mdomo zilikuwa na michaniko ambayo mimi nilidhani imeletwa na ndimu.

Nilipomuuliza kuhusu manjano, alinieleza kwamba kwa sisi wenye ngozi nyeusi weupe wa jicho huweza kuwa na madoa ya kahawia ya kawaida, ilhali manjano ya maradhi hutandaa jicho zima na huonekana pia chini ya ulimi. Anayekula karoti kwa wingi huweza kugeuka manjano viganjani, lakini macho yake hubaki meupe. Nilipenda maelezo haya kwa sababu yalitolewa bila haraka, na mtoto akiyasikia.

Mashavuni alikuwa na mabaka yaliyofifia rangi. Majirani walisema ni minyoo, na bibi yake, Mungu amjaalie, alikwisha kunong'ona habari za ukoma. Tabibu alimfumbisha macho, akamgusa kwa ncha ya pamba ndani na nje ya baka, naye akaonesha kila mahali alipoguswa. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia. Hili, alisema, ni ukavu wa ngozi, na linahitaji mafuta ya kujipaka tu.

Hapo ndipo alipoandika vipimo, navyo vilikuwa viwili: damu na choo. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 8.9 kwa desilita, wakati kwa umri wake haipasi kupungua 11.5, na katika choo yalionekana mayai ya safura, minyoo wanaoingia kupitia ngozi ya miguu isiyovaa viatu na kunyonya damu utumboni. Hapa Pemba, ambako maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwa ikichunguza minyoo tangu mwaka 2000, jibu hilo halikunishangaza. Alipewa albendazole, dawa ya minyoo, na vidonge vya madini ya chuma, pamoja na onyo la kutovinywa na chai.

Kasoro zipo. Dirisha lenye mwanga huo mzuri linaelekea benchi la wanaosubiri, kwa hiyo mtu mzima anayetaka kuonesha ngozi ya mgongo hana stara, na pazia halijawekwa. Isitoshe, tuliporudi baada ya Magharibi, mhudumu mwingine alimmulika mtoto kwa tochi ya simu na kusema damu imekwisha kupanda. Nililipia kipimo kwa kusisitiza mwenyewe, kikaonesha gramu 9.6. Jicho halitoi namba, na upungufu mdogo hulipita. Anayekusudia kwenda aende asubuhi, amwulizie tabibu wa zamu hiyo, na asimpake mtoto hina wala piko kabla ya siku hiyo.