Kikokotoo cha mgongano wa asteroidi: nyota nne kwa fizikia, mbili kwa kifo cha dinosaria

Kikokotoo hiki cha mtandaoni ni cha bure, hakili bando, na kinataka ujaze vitu sita tu: kipenyo cha asteroidi, densiti, kasi, pembe, aina ya mwamba uliogongwa na umbali wako kutoka hapo. Kwa mgongano wa Chicxulub ulioua dinosaria, kule Yucatán nchini Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, mimi hujaza km 12, kg 3,000 kwa mita ya ujazo, km 20 kwa sekunde, nyuzi 60 na mwamba wa mashapo. Nishati inakuja kama tani trilioni 130 za TNT (aina ya baruti).

Ukipata moja ya nane ya hapo, usilaumu programu. Umejaza nusu kipenyo, 6 badala ya 12, na ujazo hupanda kwa kipeo cha tatu. Kasi hupanda kwa kipeo cha pili: andika 40 badala ya 20, nishati inazidi mara nne. Kagua pia kama umechagua mita au kilomita. Kreta halisi ina kipenyo cha karibu km 180. Ukiambiwa hakuna kreta, jiwe limepasukia angani, kosa liko hapo.

Nyota zinapungua kwenye umbali. Weka km 14,000, takriban Chicxulub hadi Lindi kwa ramani ya leo (enzi zile Atlantiki ilikuwa nyembamba zaidi), nacho kitakujibu kwamba mpira wa moto uko chini ya upeo wa macho, hakuna joto la moja kwa moja. Ni kweli kabisa, ila mwanafunzi ataondoka akiamini Afrika ilisalimika. Mauaji ya mbali hayakuhitaji mwali. Mgongano ulifyatua salfa kutoka miamba yenye jasi, ikapanda angani pamoja na vumbi laini na masizi, jua likazibwa, baridi ikaingia. Mimea ikakosa mwanga, wala majani wakakosa mimea, wala nyama wakakosa wala majani. Kikokotoo hakina kisanduku hata kimoja cha hayo. Itabidi uyaeleze mwenyewe ubaoni.

Na ukishaandika Lindi, usiwaingize dinosaria wa Tendaguru, kilima cha visukuku mkoani humo. Wale walikufa takriban miaka milioni 80 kabla jiwe hili halijafika.