DVD kwenye runinga ya HD: nilivyopata picha safi

Nilipoachana na TV ya chogo nikachukua ya HD, nilitegemea DVD zangu zing'ae. Zikawa mbaya kuliko mwanzo! Nyuso zilikuwa na ukungu, na kando ya maandishi ya tafsiri vidoti vya rangi vilitambaa kama sisimizi.

Wa kwanza kulaumiwa ni ule waya wa njano. Unabeba mwanga na rangi kwa pamoja, kisha runinga inahangaika kuvitenganisha. Inaposhindwa ndipo sisimizi wanatokea. Nilichomeka HDMI, waya mmoja wa kidijitali wa picha na sauti, wakatoweka palepale. Deki yako ikiwa haina HDMI lakini ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu ya picha, tumia hayo. Tofauti utaiona.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ndani ya deki yenyewe. Kwenye menyu yake, umbo la skrini lilikuwa 4:3, lile la TV za zamani. Kwa hiyo kila filamu pana deki iliibana na kuijazia weusi juu na chini: katika mistari 576 ya diski ya PAL (mfumo wa video wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika), picha ilibakiwa na 432. Halafu mimi naivuta kwa rimoti ijae kioo! Nilipoweka 16:9, umbo pana la runinga za sasa, hata nyuzi za sweta zilianza kuonekana. Tafadhali anzia hapo kabla hujanunua chochote.

Upande wa runinga nilihamia mtindo wa sinema, nikashusha ukali wa picha karibu na sifuri, maana ule unachora tu mstari mweupe kuzunguka watu.

Ila tusidanganyane. Diski ya PAL ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Skrini ya 1080 (nukta 1920 kwa 1080) ina 2,073,600, mara tano kamili. Nukta nne katika kila tano zinakisiwa, na swali ni nani anakisia vizuri, deki au runinga. Nilirudia tukio moja la mvua deki ikitoa picha kwa 1080p (yenyewe ndiyo inakisia), kisha 576p (mistari 576 ya diski, runinga ndiyo inakisia). Kwangu runinga ilishinda: matone yalibaki matone, hayakugeuka michirizi.

Kinachonisumbua bado ni maonyesho ya muziki yaliyorekodiwa kwa kamera za video. Mkono ukipita haraka, ukingo wake unatoa meno kama kitana. Hizo naziachia 576i, yaani deki inatuma nusu ya mistari kwa zamu, runinga iunganishe yenyewe, na meno yamepungua sana ingawa hayajaisha.