Nimepaka banda la kuku rangi nyeupe: miezi mitano ya joto la Dar

Nafuga kuku wa nyama Mbagala, mabanda mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, bati geji 30, kuta za wavu. Fundi wa kwanza alinishauri nipake mapaa damu ya mzee kwa sababu haionyeshi kutu wala vumbi. Kweli haionyeshi. Lakini kila Januari nilikuwa naokota kuku, hasa wa wiki ya tano wenye miili mizito: saa nane mchana wamelala mabawa wazi, midomo wazi, wanahema.

Mwezi wa kumi nikanunua ndoo ya lita 20 ya rangi nyeupe ya paa, ile ya maji. Nikapaka banda moja tu, nione mwenyewe. Tulisugua kwa brashi ya waya, tukaosha, tukapiga praima penye kutu, kisha nyeupe mikono miwili.

Kiganja ndicho kilichonipa jibu la kwanza. Chini ya bati la damu ya mzee mkono haukai, hata kuhesabu hadi tatu siwezi. Chini ya jeupe niliuacha nilivyotaka. Ni vuguvugu tu. Kipimajoto usawa wa kuku kilisoma nyuzi 36 kule, huku 33. Kwa kuku mzito, nyuzi hizo tatu ni uhai.

Rangi iliyokoza hunywa jua karibu lote na kulishusha ndani kama joto. Nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80. Jirani akaniuliza kwa nini nisiache bati tupu, si linang'aa? Linang'aa, ila joto likishaliingia linalitoa kwa shida sana, ndiyo maana linaunguza. Lililopakwa hulitoa upesi.

Kasoro ipo, na ni vumbi. Barabara yetu ni ya udongo. Mwezi wa tatu paa lilishageuka kaki na kiganja kikaanza kulalamika. Nililiosha kwa sabuni na fagio, likarudi karibu kama mwanzo. Usiku sioni tofauti yoyote. Na banda lisilopitisha upepo, rangi peke yake hailiokoi.

Msimu huu upande mweupe nimepoteza kuku 4, upande wa pili 19. Ndoo nyingine iko stoo, Jumamosi tunapanda na brashi ya waya.