Nilityuni 1JZ yangu mwenyewe kwa miezi minne, halafu nikaipeleka kwa fundi wa daino

Kila nikikutana na mtu aliyefunga turbo kubwa swali ni lilelile, nityuni mwenyewe, yaani nipange mafuta na cheche za injini kwa laptopu, au nitafute fundi mwenye daino, ile mashine inayopima nguvu ya injini gari ikiwa imesimama? Mimi nimepita njia zote mbili kwenye injini hiyohiyo moja, kwa hiyo naelezea nilichokiona.

Injini ni 1JZ-GTE, lita 2.5, ile ya zamani inayotoka kiwandani na turbo mbili ndogo. Nilizitoa nikafunga moja kubwa, nozeli za cc 550, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, na kontroboksi ya kiwandani nikaiweka pembeni nikafunga MegaSquirt, kontroboksi unayoipanga mwenyewe. Sasa MegaSquirt haijui chochote kuhusu injini yako mpaka uiambie, nozeli inatoa kiasi gani, inachelewa kufunguka kwa muda gani volti zikishuka, petroli kiasi gani kwa kila presha na kila mzunguko, na cheche ipigwe digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Ukikosea hiyo ya mwisho injini haikupi nafasi ya kujitetea.

Nilianza vizuri kwa kweli. Kabla ya kugusa jedwali lolote nilichukua taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inapiga digrii ngapi, nikalinganisha digrii zinazoonekana kwenye laptopu na alama kwenye puli ya krenki, zikatofautiana digrii 4. Digrii 4 jamani! Maana yake kila namba ambayo ningeandika ingekuwa ya uongo. Nikarekebisha ndo nikaendelea. Halafu nikafunga waidibendi, sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, na hapa naomba mtu asijaribu kuruka, kwa sababu ile sensa ya oksijeni ya kawaida iliyokuja na gari inajua tu kama mchanganyiko umepita 14.7 au haujafika, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, haikwambii umeenda mbali kiasi gani. Waidibendi inakupa namba yenyewe. Nikawa naendesha, rafiki yangu kashika laptopu, programu ya TunerStudio inarekodi na inasahihisha jedwali la mafuta taratibu, mpaka mwendo wa kawaida barabarani ukatulia kabisa. Ulaji wa mafuta ukashuka, ekzosi ikaacha kunuka petroli. Nilifurahi sana na bado najivunia ile kazi.

Tatizo likaja kwenye busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo. Nusu baa ilikuwa sawa. Nilipopandisha mpaka baa 1 na kukanyaga mpaka mwisho, waidibendi ilikuwa inasoma 11.6, namba nzuri tu kwa turbo ya petroli, nikajua niko salama. Kumbe kwenye mizunguko kama 4,000 kuna sauti ilikuwa inatoka, kama kokoto kwenye kopo la bati, sekunde moja hivi halafu inapotea, na kwa kelele za ekzosi nilidhani ni bamba la joto limelegea. Siku nimefungua plagi nikaona kwenye ile kaure nyeupe kuna vidoti vidogo vinang'aa kama fedha. Ile ni aluminiamu, ni pistoni inamenyeka. Nilizima kila kitu nikapima kompresheni, silinda zote sita zikawa karibu sawa, nikamshukuru Mungu na gari haikukanyagwa tena mpaka ilipofika kwa fundi.

Na hapa ndo lipo jambo ambalo sikulielewa kwa miezi yote minne. Mchanganyiko unaweza kuuona ukiwa barabarani, waidibendi inakuonyesha. Taimingi huwezi kuiona. Hakuna geji kwenye dashibodi itakayokwambia digrii hii moja uliyoongeza imeleta nguvu au imeleta hatari tu. Kwenye daino mashine inashikilia injini kwenye mzunguko uleule, fundi anaongeza digrii moja anaangalia torku, anaongeza nyingine, pale torku, yaani nguvu ya kuzungusha, inapoacha kupanda anasimama, na injini ikianza kugonga kabla ya hapo, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda kwa ile sauti ya kokoto, anarudi nyuma. Mimi nilikuwa nabahatisha kwa kuangalia namba za injini za watu wengine.

Fundi niliyempata hakuanza na laptopu, na hicho ndo kilinifanya nimwamini. Alifunga geji ya presha ya mafuta akaniambia tuiendeshe kidogo kwanza. Presha ya msingi ni baa 3, ukiweka busti ya baa 1 inatakiwa isome 4 kwa sababu reguleta inapandisha sambamba na busti. Ya kwangu ilipanda mpaka 3.7 halafu ikaanza kushuka kadri mizunguko inavyopanda. Akapima umeme kwenye pampu akakuta volti 11 na kidogo wakati altaneta inatoa karibu 14. Waya wa kiwandani ulikuwa mwembamba kwa pampu ile. Mimi nilikuwa nikiona mchanganyiko unakauka, yaani petroli inapungua, huku juu naongeza namba kwenye jedwali, ikirudi 11.6 naridhika, kumbe nilikuwa nafunika ugonjwa kwa namba, na pampu ingechoka kidogo tu silinda zingekauka kwenye busti kamili. Aliirudisha nyumbani gari. Nikavuta waya mnene na rilei, nikarudi wiki iliyofuata, presha ikasimama kwenye 4 bila kutikisika.

Siku ya daino alifunga bomba dogo la shaba kwenye bloku, mpira, na hedifoni, akawa anaisikiliza injini kwa masikio yake mwenyewe pamoja na kuangalia skrini. Pale kwenye 4,000 ambapo silinda zinajaa hewa kuliko sehemu nyingine yoyote mimi nilikuwa nimeweka digrii 17, akashuka mpaka 12. Torku hapo ilipungua kidogo sana, kugonga kukaisha. Huku juu karibu na 7,000 nilikuwa nimebania kwa woga, akaongeza, na nguvu ikaja ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari ile. Alinieleza kitu kingine pia, cheche ikichelewa mno moto unamalizikia kwenye ekzosi, turbo inaiva, kwa hiyo kuweka digrii chache ukidhani ndo usalama nako kuna mwisho wake. Kwa saa nne alimaliza kile ambacho nisingekimaliza kwa mwaka.

Ila siwezi kusema fundi anamaliza yote. Gari ilifika kwake ya moto na ikaondoka ya moto. Asubuhi injini ikiwa baridi ilikuwa inawaka inazima, inawaka inazima, na nikiwasha AC sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga, inaanguka. Hilo silimlaumu nalo, kuwasha kwa baridi unapata jaribio moja tu kwa siku, ukishawasha lazima usubiri mpaka kesho ipoe tena, na hakuna fundi atakayelala na gari yako wiki tatu. Hiyo niliifanya mwenyewe, kila asubuhi nabadilisha kitu kimoja tu naandika kwenye daftari, na sasa inawaka mara moja. Hapo uzoefu wa ile miezi minne ulinisaidia sana, nilikuwa najua jedwali lipi liko wapi.

Kabla hujampa mtu gari muulize kama atakupa faili la mapu, yaani majedwali yote aliyopanga, na rekodi za daino, wengine wanafunga kwa nywila na ukitaka kubadilisha hata sailensi lazima urudi kwake. Muulize ataanza na nini. Akikwambia atakuwekea mapu ya injini kama yako aliyonayo tayari, ondoka, kwa sababu nozeli, kamshafti na turbo vikitofautiana mapu hiyo haikuhusu hata kama injini ina jina moja. Na wewe peleka gari ambayo haivuji hewa, plagi mpya, oili safi, usilipie muda wa daino kutafuta klempu iliyolegea.

Kama injini yako haina turbo na umebadilisha ekzosi na kamshafti tu, una waidibendi na una subira, mimi ningesema anza mwenyewe, kugonga bado kunawezekana ila nafasi ya kukosea ni kubwa zaidi. Ukishaweka busti, sehemu ya kukanyaga mpaka mwisho mpe mwenye daino.

Sasa hivi mapu yangu ni ya watu wawili. Kuwasha, sailensi, mwendo wa kawaida na AC ni mimi, na huwa narekebisha hali ya hewa ikibadilika. Seli zote za jedwali za juu ya kPa 100, yaani za busti, ni za fundi. Plagi nazifungua kila nikibadilisha oili na mpaka leo kaure ni nyeupe safi, hakuna hata doti moja.