Kiti cha pweza na bando la shangazi: programu nne za mazingira nilizojaribu na watoto

Likizo ya mwezi wa sita kaka yangu aliniletea wanawe wawili huku Kigamboni, mmoja wa darasa la tano, mwingine la pili. Begi la nguo, kilo mbili za sukari, na onyo: "Dada, hawa simu imewateka." Nikamwambia simu hiyo hiyo ndiyo itakayowatoa nje. Wiki tatu nimejaribu vitu vinne, tena kwa bando langu, kwa hiyo niacheni niseme.

Nianze na kilichonitia hasara ili nikimalize. Ni tovuti ya masomo ya kulipia, jina nalihifadhi. Picha zinavutia kweli. Ila somo la kwanza theluji, la pili miti inayopukutisha majani, la tatu wanyama wanaolala msimu mzima wa baridi. Mdogo akauliza, "Shangazi, theluji ya kwetu inaanza mwezi wa ngapi?" Mtoto huyu masika anaijua kwa sababu kwao maji huingia mpaka sebuleni, lakini masika haimo mle. Nimewaandikia mara mbili kuhusu pesa yangu. Kimya.

Sasa Seek. Hii ni programu ya simu ya kutambua mimea na wanyama, imetoka kwa iNaturalist, mtandao wa watu wanaorekodi viumbe wanavyoviona, ni ya bure, na haimtaki mtoto afungue akaunti wala aandike jina lake, jambo lililonipa amani. Unaelekeza kamera kwenye mmea au mdudu, programu inapanda ngazi moja moja: kundi, familia, mpaka spishi ikiweza. Isipokuwa na uhakika inasimama ngazi ya katikati, haibahatishi. Na kazi hiyo ya kutambua inafanyika ndani ya simu yenyewe, hata bila intaneti. Wenye bando la kupimia kama mimi mtanielewa.

Siku ya kwanza hatukuvuka geti. Mkungu wa uani, ule tunaookota kungu zake tangu utotoni, ukatoka Terminalia catappa. Mwarobaini wa jirani ukatoka Azadirachta indica, na mkubwa akashika lile neno indica: "Kwa hiyo umetoka India?" Asili yake ni huko Asia ya Kusini, ndiyo. Halafu akatua kunguru kwenye bati, yule mwenye shingo ya kijivu anayetuibia dagaa juani. Naye wa India! Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, ndipo akasambaa mwambao huu. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe. Watoto waliduwaa. Mkubwa akatangaza kwamba kunguru weusi wote wa Dar ni wageni wasio na kibali, na mpaka leo anawapigia kelele warudi kwao.

Siku ya bamvua maji yalikupwa mbali, tukashuka ufukweni asubuhi. Mdogo akakuta mnyama wa miguu mitano kwenye kidimbwi. Simu ikaishia kwenye kundi tu, Asteroidea, naye akanuna kwa sababu hakupata beji, ile zawadi ya picha ambayo Seek humpa mtoto akitambua spishi. Kulikuwa na mzee anatengeneza wavu chini ya mvinje. Tukamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, kisha akasema, "Hicho kiti cha pweza, wajukuu. Kirudisheni majini, kikikaa juani kinakufa." Simu yangu iko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina huja kwa Kiingereza na Kilatini, lakini jina alilolala nalo mtoto usiku ule ni la yule mzee. Usiku kucha maswali: pweza anakikaliaje? Tangu hapo kila safari tunabeba daftari, ukurasa wa kushoto jina la simu, wa kulia jina la wazee. Wa kulia unajaa haraka zaidi.

Siku za mawingu tulitazama Ubongo Kids, katuni za hapa hapa Dar, Kiswahili safi, hesabu na sayansi kwa nyimbo. Nzuri, sina neno. Ila video inakula bando kama mchwa, afadhali uisubiri kwenye televisheni.

African Storybook niliipenda zaidi kwa kusoma kabla ya kulala. Hadithi fupi za bure, za Kiswahili zimo, unapakua mara moja basi. Si zote za mazingira, inabidi kuchagua. Raha yake ni kwamba unaruhusiwa kutafsiri hadithi au kutunga yako. Mkubwa ameanza ya kunguru aliyesahau njia ya Bombay. Ameandika sentensi sita, tano ni za matusi kwa kunguru.

Nje ya hivyo vinne, walimu watazame pia vifaa vya Roots & Shoots, mpango wa vijana na mazingira ambao Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliuanzisha papa hapa Dar mwaka 1991 na wanafunzi 12. Tulichukua zoezi moja tu, la kuchora ramani ya mtaa: miti, mifereji, jalala. Mdogo alichora chupa za plastiki mferejini moja moja, akafika 43, penseli ikaisha.

Kaka kaja kuwachukua Jumapili. Kwenye pantoni mdogo alikuwa ameshika simu ya baba yake, ameielekeza majini, anauliza kwa nini haimwoni pweza.