Kliniki ya daktari bingwa wa wanawake: binti husikilizwa kwanza, na mume naye hupimwa

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikihudhuria kliniki moja binafsi jijini Dar es Salaam, kwanza kwa ajili ya binti yangu mwenye umri wa miaka 16, kisha kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye amekaa katika ndoa miaka minne bila kupata ujauzito. Daktari wa kliniki hiyo ni bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na wengi wa wagonjwa wake ni mabinti waliovunja ungo karibuni na wanandoa wanaotafuta mtoto. Simtaji jina, kwa kuwa ninayoyaeleza yanagusa faragha ya watu wangu.

Binti yangu alianza hedhi akiwa na miaka 13, na tangu hapo damu ilimtoka kwa wingi kwa siku tisa au kumi, hata akawa anakosa shule kila mwezi. Hospitali tuliyoanzia ilimpiga altrasaundi na kutuambia, mbele yake, kwamba ana vivimbe vingi kwenye ovari na huenda asizae. Mtoto wa miaka 15 alirudi nyumbani na maneno hayo, akalala nayo mwaka mzima.

Daktari huyu alipotupokea alimgeukia binti na kumuuliza yeye mwenyewe, kisha akaniomba kwa adabu niwapishe kidogo, akinieleza kwamba atakayoambiwa yatabaki kuwa siri ya binti isipokuwa maisha yake yawe hatarini. Nilisita, lakini nilitoka, na niliporudi nilimkuta mwanangu anazungumza kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Hakufanyiwa kipimo cha ndani; picha ilipigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Kuhusu vile vivimbe, daktari alitufafanulia kwamba ovari za msichana aliyebalehe karibuni kwa kawaida huwa na vifuko vingi vya mayai, na kwamba mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unaelekeza kutotumia altrasaundi kuthibitisha ugonjwa wa vivimbe vingi kwenye ovari (PCOS) kabla ya kutimia miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Badala yake alipima wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na uwezo wa damu kuganda, kwa sababu hedhi nzito tangu mwanzo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa damu wenyewe. Damu inaganda vizuri, ila ilikuwa imepungua sana. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza damu siku za hedhi, na sasa anamaliza kwa siku sita, tena yuko darasani.

Mdogo wangu alikwenda na historia ndefu ya dawa za kusafisha kizazi na picha mbili za mirija, ambazo zilimuumiza sana. Swali la mapema kabisa aliloulizwa ni kama mumewe amewahi kupimwa. Hakuwahi. Shemeji alikuja wiki iliyofuata, akapokewa kwa heshima, akaelekezwa kukaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa kabla ya kutoa mbegu, na majibu yakaonyesha kwamba mbegu ni chache na korodani moja ina mishipa ya damu iliyovimba. Miaka minne lawama zote zilikuwa juu ya mdogo wangu, na kipimo kile hakikuwa na maumivu yoyote.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa. Tulisubiri karibu saa tatu ingawa tulikuwa na miadi, na mabinti wenye sare za shule huketi benchi moja na wajawazito, wakitazamwa na kila anayepita. Kliniki inayojali vijana kiasi hiki ingewatengea siku au chumba chao. Bei hazijabandikwa popote, na bima yetu haikulipia vipimo vya kutafuta mtoto, hivyo ni vyema kuuliza gharama mapokezini kabla ya kuingia. Anayempeleka binti amwandikie tarehe za hedhi za miezi mitatu, kwa sababu hizo ndizo zinazoulizwa kwanza.

Shemeji atarudia kipimo baada ya miezi mitatu, muda ambao mwili huhitaji kutengeneza mbegu mpya, na safari hii yeye ndiye aliyekwenda kuchukua miadi.